Muziki Ambao Sikuweza Kuutafsiri

Kabula mwanangu,

Wewe na mama yako mmeenda Kisesa kumuaga bibi, nyumba imebaki na mimi na begi lako. Limesimama hapa karibu na mlango, limeshiba mpaka zipu inalalamika, na kila nikilitazama naliona kama mgeni aliyekuja kunichukulia mtu. Mtarudi jioni. Nataka niandike kabla hamjarudi, tena kwa karatasi, maana kwenye simu maneno yangu yanakuwa mafupi kama tangazo la msiba.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, mama yako ameshakuambia na kesho atazirudia mpaka dereva awashe injini. Hizo namwachia.

Tangu jina lako litoke kwenye orodha ya ajira nimekuandikia neno moja tu: Nenda. Mama yako kasema nenda, bibi kasema nenda, jirani zetu wote wa Buzuruga wamesema nenda. Umekaa mtaani miaka na diploma yako ya ualimu, ukifundisha tuisheni watoto wa watu barazani, na sasa kituo kimepatikana, ingawa ni Tunduru, mwisho wa nchi, na usiporipoti kwa muda waliokupa nafasi itakwenda kwa mwingine. Nenda ni neno sahihi. Lakini ni neno la mtafsiri wa filamu, Kabula, na wewe unatujua watafsiri. Mwenye filamu mwenyewe, yaani moyo wangu, amesema kitu kingine. Amesema: sitaki uende.

Nimeliandika hilo, nikalikata, nikaliandika tena. Sasa naliacha.

Ugonjwa wangu wa koo umerudi. Wewe ulikuwepo daktari aliposema, ulikaa katikati yetu, mkono mmoja umemshika mama yako, mwingine uko juu ya goti langu. Ugonjwa umeshuka kifuani. Alisema watafanya watakachoweza, na wakati anasema alikuwa anatazama dirishani. Kutoka hapa mpaka Tunduru ni basi juu ya basi: Dodoma, Iringa, Songea, na bado hujafika. Mtu hawezi kutoka huko akawahi chochote. Mimi najua, wewe unajua, mama yako anajua, na kila siku tunakaa tunakula ugali kwa sato kama watu ambao hawajaambiwa kitu.

Basi ngoja nikueleze habari za ule muziki wa filamu ya farasi. Vipande vipande umevisikia tangu utotoni, lakini sijawahi kukueleza vizuri ulivyoingia katika nyumba yetu. Nimeuwaza sana wiki hii. Ndio uliokuwa unanikalisha kitini kila nilipotaka kukimbia niende nisikokujua.

Nilikuja mjini kijana, nimemaliza kidato cha nne na cheti kisichoonyesheka kwa watu. Nikabeba magunia ya dagaa sokoni Mwaloni. Tukitoka kazini tulikuwa tunaingia kwenye banda la video la marehemu Mzee Ndaki, nyuma ya stendi. Hukulijua enzi zake. Lilikuwa la mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja yenye kisogo kikubwa, deki ya kanda, na spika mbili ambazo Mzee Ndaki alizipenda kuliko ng'ombe wake. Na Msukuma akipenda kitu kuliko ng'ombe, ujue amependa.

Mtafsiri wao alikuwa ameoa na kuhamia Musoma. Siku moja watu wakachoka na Kiingereza wasichokielewa, wakaanza kuzomea. Mimi nikainuka, nikachukua maiki. Nilikijua Kiingereza cha kutosha kukosea bila woga. Mchina akiapa kulipiza kisasi cha mwalimu wake, mimi nasema anadai ng'ombe wa mahari waliorudishwa wakiwa na kwato mbovu. Mzungu akimbembeleza mwanamke, mimi namsaidia: "Njoo Magu, kwetu tumevuna mpunga." Watu walikuwa wanaanguka kwenye mabenchi. Wakanipa jina la Kasuku. Mwaloni nikaaga, nikawa mtu wa mdomo.

Nilidhani watu wanakuja kunisikiliza mimi. Kila mahali palipokuwa wazi kwenye filamu nilipajaza. Mtu akifungua mlango nasema anafungua mlango. Akikohoa, nakohoa naye.

Krismasi moja deki ikatafuna kanda ya ngumi iliyokuwa imetangazwa. Banda limejaa, watoto wamekaa chini mpaka miguuni mwa televisheni. Mzee Ndaki akahangaika, mwisho akaweka kanda kuukuu ambayo aliikuta ndani ya deki siku aliyoinunua. Filamu ya zamani, rangi zimefifia, hakuna hata bastola. Mwanamume anafuga farasi huko milimani kwenye theluji. Mke wake anaugua. Anampandisha juu ya farasi kumpeleka kwa daktari ng'ambo ya milima, na njiani, kando ya mto, mke anakufa. Yule bwana halii. Anamfunga vizuri kwa blanketi, anamrudisha juu ya farasi, na anabadilisha njia. Anampeleka nyumbani kwa wazazi wa mke, akazikwe kwao.

Hapo ndipo muziki unapoanza wenyewe. Huko nyuma ulikuwa umepita kidogo kidogo, sikuujali. Sasa hakuna mtu anayesema kitu kwa muda mrefu, ni farasi, theluji, na okestra. Neno hilo, okestra, nimelijua baadaye kwako. Sisi tulisema vinanda. Inaanza filimbi moja, sauti ya chini, kama mtu anayepiga mluzi midomo imeganda kwa baridi. Inauliza jambo. Inauliza tena. Vayolini zinaingia, nyingi sana, kama upepo unavyoingia kwenye shamba la mpunga, kwanza upande mmoja halafu lote linainama. Ngoma kubwa inapiga kwa mbali. Inapanda, inapanda, na pale ambapo sikio lako limeshajiandaa kupanda tena, inashuka. Hatua moja ndogo tu. Hapo kwenye kushuka ndipo kila mtu alipokuwa anaumia.

Mimi nikaona hapa pana kazi yangu. Nikainua maiki: "Sasa ndugu watazamaji, mke ameshafariki, bwana anawaza..."

"Kasuku!" Sauti ilitoka benchi la mbele. Alikuwa Lutego, mbebaji mwenzangu wa Mwaloni, mabega yake kama mlango wa ghala. "Nyamaza. Tunasikia."

Nikadhani utani. "Anawaza atawaambia nini wakwe zake..."

Kandambili ikanipiga hapa sikioni. Nikazima maiki.

Kabula, sijawahi kusikia banda lile likiwa kimya namna ile. Wale watu walikuwa wanazomea hata sala za kwenye filamu. Makuli, makondakta, wauza mitumba, watoto waliotoroka nyumbani, wote walikaa kama wamo kanisani, na spika za Mzee Ndaki zikatetemesha mabati. Lutego alikuwa analia na hajifuti.

Tulipotoka nikamuuliza, "Wewe ulikuwa unalia nini?"

"Mama."

"Mama yako si yuko Sengerema, mzima?"

"Ndiyo. Nimemkumbuka mzima."

Nilimcheka. Leo simcheki. Nimekaa na begi lako hapa, nakulilia wewe mzima.

Mama yako naye aliingia maishani mwangu kwa mlango huo huo, ingawa anapenda kuwaambia watu tulikutana kanisani. Alikuwa anauza karanga na mayai ya kuchemsha nje ya banda. Wasichana wa heshima hawakuingia mle ndani. Alikuwa anausikiliza ule muziki kupitia mabati, mgongo wake umeegemea ukuta, na Jumapili moja akanisimamisha nikitoka.

"Kaka mtafsiri, shida yangu ndogo. Huyo mtu wa filimbi alifika?"

"Mtu gani?"

"Anayetembea na huo muziki. Kuna mahali anaenda. Mimi nikiwa hapa nje najua amebeba kitu kizito. Alifika?"

Hakuwa ameona picha hata moja. Hakujua habari ya farasi wala mke wala theluji. Nilisimama pale na karanga mkononi nikashindwa kumjibu, mimi Kasuku. Wiki iliyofuata nilimwombea ruhusa kwa dada yake, nikamwingiza, nikamkalisha karibu na mlango. Alitazama mpaka mwisho. Nikamuuliza ameionaje.

"Nzuri," akasema. "Ila kule nje ilikuwa kubwa zaidi."

Huyo ndiye mama yako. Niliamua kumuoa palepale.

Watu wakawa wanaiomba kila Jumapili: "Mzee, tuwekee ya farasi." Wengine walikuwa hawaangalii tena. Walikuja, wakafumba macho, wakangoja pale mtoni. Mwaloni makuli walianza kuuimba bila maneno wakipakia magunia, na mahali pa kushuka ndipo walipokuwa wanashusha gunia. Nilifikiri watachoka. Vichekesho vyangu walivichoka baada ya wiki mbili, ikanibidi nitunge vingine, na hivyo navyo vikachoka. Kila onyesho nilisema maneno mapya na hakuna aliyekumbuka ya jana. Picha nazo zikachoka: kanda ikaanza kuweka mistari, uso wa yule bwana ukawa wa kijani, watoto wakawa wanayacheka mavazi yake. Muziki ukabaki vilevile, unaingia, unauliza, unapanda, unashuka, na watu wazima wanatazama chini. Nimejiuliza maisha yangu yote ni kwa nini. Jibu nililonalo ni dogo. Mimi niliwaambia watu waone nini. Ule muziki haukuwaambia. Kila mtu aliingia na marehemu wake, au na mzima wake, akamweka juu ya farasi, na farasi akambeba.

Mzee Ndaki alipofariki ulikuwa na miaka sita hivi, ulinishika kidole kutoka nyumbani hadi makaburini. Bendi ya tarumbeta ya kanisa moja la Mirongo ilipiga nyimbo za kitabuni, vizuri, kwa heshima. Kisha, jeneza linashushwa, yule mpigaji wa tarumbeta kubwa akaanza kitu ambacho hakikuwa kitabuni. Wenzake wakatazamana. Mmoja mmoja wakaingia. Walikosea sana, Kabula, vyuma vilikuwa vinagongana kama sufuria zikianguka jikoni, lakini nusu ya watu pale makaburini walijua kinachopigwa. Na wewe ukanivuta mkono ukasema kwa sauti, "Baba, farasi!" Mchungaji akaacha kusoma. Akangoja tuushushe pamoja na mzee.

Kuna siku nyingine ambayo huwezi kuikumbuka. Ulikuwa na miaka mitatu, degedege ikakukamata mchana, mvua inanyesha, barabara imekuwa mto. Nilikubeba kifuani kutoka hapa, mama yako ametangulia mbele analia njia nzima. Macho yako yalikuwa yamegeuka. Nilitaka kusali, sala haikuja hata moja. Kilichokuja ni ule muziki. Niliutoa puani, mmm, mmm, mpaka mlango wa hospitali, na nilipofika pale pa kushuka nilikataa kushuka. Niliendelea kupanda tu, nikautunga upya kama kichaa, kwa sababu katika filamu yule mwanamke anakufa na mimi sikuwa na nafasi ya kufa kwako. Muuguzi alikupokea, akaniambia, "Baba, acha kuimba, tumempata."

Basi banda likafa. Simu zikaja, ving'amuzi vikaja, kila mtu akawa na banda mfukoni. Nikapanda gari la matangazo: mikutano, minada, misiba, dawa za kuogesha mifugo, kutoka Igoma mpaka Magu, nikipiga kelele juu ya vumbi. Sauti ikaanza kukwaruza. Mama yako akasema nenda hospitali. Nikamwambia sauti ni kama injini, ukiipumzisha inakaa sawa. Nikatafuna tangawizi. Nikalamba asali. Nikanunua vidonge dukani, hivi leo, vile kesho, zaidi ya mwaka. Hilo ndilo kosa ninalolilipia sasa hivi nikiandika, na sitalipamba. Niliogopa. Mtu anayeishi kwa mdomo haogopi kufa kama anavyoogopa kuambiwa afunge mdomo.

Walipopima na kusema ni saratani, koromeo lote litolewe, nilitoroka. Nilikwenda Kisesa kwa bibi yako, nikajifanya nalima. Wewe ndiye uliyekuja. Nakumbuka ulivyosimama kwenye matuta ya viazi na viatu vyako vya mjini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imebaki uzi tu.

"Twende nyumbani."

"Siendi. Wakikata sauti, mimi nitakuwa nani?"

Ulivua viatu, ukaingia tutani, ukachukua jembe mkononi mwangu. Ukalima kwanza. Kisha ukasema bila kunitazama, "Sauti ilikuwa ya watu wa banda na ya gari la matangazo. Mimi na mama tulikuwa tunapata mabaki. Tunakutaka wewe uliyebaki."

Ulikuwa ukweli mchungu, na ulinichukua. Kwa ajili ya jembe lile nimeishi mpaka leo. Sitaki usahau hilo ukiwa Tunduru ukajilaumu eti uliniacha. Ulishanirudisha mara moja. Mtu hadaiwi mara mbili.

Baada ya upasuaji nilijiandaa kukosa maneno. Hakuna aliyeniambia kwamba hata mluzi ungeondoka, hata kuguna kwa puani. Hewa sasa inatoka kwenye tundu la shingoni. Siku ya tatu au ya nne pale wodini nilijaribu ule muziki, nikasikia upepo tu unapuliza kwenye bomba, kama tairi. Hapo ndipo nilipolia, mama yako akadhani ni maumivu ya kidonda. Nikamwonyesha kwa mkono: farasi. Akaelewa.

Unajua mama yako hawezi kuimba. Hata kanisani wanamweka pembeni kwa upendo. Lakini aliinama pale kitandani akaanza, mmm, mmm, na akapotea mapema sana. Pale pa kushuka, yeye akapanda. Nikatikisa kichwa. Nikashusha kidole juu ya shuka: chini. Akarudia, akapanda tena. Nikashusha mkono mzima. Ndipo mgonjwa wa kitanda cha pili, mvuvi kutoka Ukerewe, mtu mzima ambaye alikuwa hajasema neno tangu aletwe, akageuka kutoka ukutani alikokuwa anatazama.

"Mama, unakosea," akasema. "Hapo inashuka. Ile ya farasi, eti?"

Akautoa yeye, vizuri, mpaka chini. Aliusikia kwenye banda la kwao kisiwani, kanda nyingine, mtafsiri mwingine. Mimi nikawa naongoza kwa kidole, yule mvuvi anaguna, mama yako anafuata nyuma kama ndama. Muuguzi aliingia na sinia la dawa akasimama mlangoni. Yule bwana aliruhusiwa kabla yangu. Jina lake sikulipata.

Na mwezi uliopita ukatutafutia ule muziki kwenye simu yako. Okestra ya vijana, nchi ya mbali, wamevaa nguo nyeusi, ukumbi unang'aa kama bakuli. Tulikaa watatu kwenye mkeka, simu umeiegemeza kwenye chupa ya chai. Niliogopa ungekuwa umepungua. Wale watoto hawakuwa wamezaliwa filamu ile ilipotengenezwa, huenda hata wazazi wao. Nikasubiri. Na pale pa kushuka kamera ikawaonyesha watu waliokaa, mama mmoja wa kizungu amefunika mdomo kwa mkono, na alikuwa na uso wa Lutego. Ulinitazama mimi badala ya simu. Nilikuona unanitazama. Ulikuwa unanihifadhi, Kabula, kama mtu anavyohifadhi chakula cha safari. Nikageuka pembeni ili usiione hofu yangu.

Nina hofu. Ngoja niiseme maana hakuna wa kunisikia. Naogopa kukosa pumzi. Naogopa mama yako akiwa peke yake na mimi siku hiyo. Naogopa simu itakayokukuta darasani. Usiku najishika shingo nasikiliza hewa inaingia, inatoka, na najiambia angekuwepo Kabula ningelala. Ndiyo maana leo mchana, mlipoondoka tu, nimefanya jambo la aibu. Nimefungua begi lako. Nimetoa bahasha ya vyeti. Bila vyeti halisi hawakupokei, hilo najua. Nimeviweka chini ya godoro langu nikalala juu yake. Nikapanga kabisa: mngetafuta, mngehangaika, siku zingepita, ungebaki.

Nimelala juu ya maisha yako kwa muda mrefu, mwanangu. Nilichokuwa nasikia ni karatasi tu, kila nikipumua inakwaruza.

Kisha nikainuka. Sikuambiwa na malaika wala sikupata ushujaa. Niliona tu kwamba nikifanya hivyo nitakuwa nimechukua maiki. Nitakuwa nakusemea wewe, najaza mahali ambapo pako wazi kwa ajili yako. Nimevirudisha. Vimo mfuko wa ndani, upande wa kushoto, juu ya kile kitenge cha bibi. Bahasha imekunjika pembe moja. Ukiulizwa, sema ni safari.

Utakuwa mwalimu, utalipwa kwa kusema, kama mimi. Siku moja utakuwa umeeleza jambo na darasa litanyamaza. Usikimbilie kuujaza ukimya huo. Mimi nilihitaji kandambili kujua hivyo, wewe una baba aliyepigwa nayo kwa niaba yako. Na huko ugenini utapata upweke wa Jumapili mchana, huo ndio mbaya. Usiujaze kwa mtu wa kwanza anayebisha hodi. Kaa nao kidogo, usikie una sauti gani.

Simu ikija, usisafiri kwa kukimbia. Usipande gari bovu kwa ajili ya mtu ambaye hana haraka tena. Watanizika na wewe utakuja ukiwa mzima, utakaa na mama yako, utamfundisha pale pa kushuka maana bado anapakosea. Na kama simu haitakuja, kama nitadumu mpaka likizo ya Desemba, basi utanikuta stendi ya Nyegezi nimevaa lile shati la bluu na tutacheka juu ya barua hii. Natamani hilo mpaka meno yananiuma. Naliomba kila pumzi. Sitakudanganya kwamba naliamini.

Nasikia bodaboda inapunguza mwendo nje, huenda ni nyinyi. Kesho sitakuja stendi. Mama yako atakusindikiza, mimi nitasimama hapa mlangoni. Ukifika kona ya dukani, geuka nikuone. Ukishageuka mara moja, usigeuke tena, kwa sababu nitakuwa nimeshatoka mlangoni nakuja, na nikikufikia, mwanangu, sitakuachia.

Baba yako,
Masalu